Pembe Ndani ya Simu

Jumatatu, 4 Agosti

Upepo tena. Nimefuta vumbi kwenye kompyuta mara ya tatu na chai bado haijaisha kikombeni. Skrini ya kwanza ya programu nimeichora upya. Kijani kilizidi, ikawa inafanana na tangazo la mbolea. Nimekipunguza. Faraji, mwenzangu aliyeko Dar, ndiye anayeifanya programu ifanye kazi. Mimi nachora kile ambacho mtu anakiona na kukibonyeza. Leo anataka vitufe viongezwe. Mimi nataka vipunguzwe. Tumenuniana kidogo, basi.

Programu tumeipa jina Inuka. Shirika moja la afya lenye ofisi mjini Mwanga linaitaka kwa ajili ya watu wa presha na sukari. Iwakumbushe kufanya mazoezi kila siku, iwahesabie hatua, iwapongeze. Hayo ndiyo maelezo ya kikazi. Ukweli ni kwamba naichora kwa ajili ya Mama.

Pasaka mdomo wake ulienda upande. Ulirudi, lakini daktari hakumung'unya maneno: vidonge bila kukosa, na atembee kila siku, la sivyo safari ijayo hatainuka. Nikamteremsha kutoka mlimani nikamleta hapa Same, karibu na hospitali, karibu na macho yangu. Vidonge anakunywa. Kutembea, hapana. Anakaa mlangoni anachagua maharage. Nadhani akimaliza huyachanganya aanze upya. Nikimwambia anyanyuke ananitazama nilivyojikunja mbele ya kompyuta tangu asubuhi, anauliza, "Na wewe je?"

Naogopa. Kila siku kabla sijamwamkia natazama kwanza mdomo wake.

Jumatano, 6 Agosti

Jaribio la kwanza. Aibu tupu.

Jioni jua lilipopoa simu ya Mama ikalia ile kengele niliyoichagua kwa makini, ikaandika: Muda wa kutembea umefika. Mama akavaa kandambili, akajitanda kanga, akatoka mikono mitupu kwa mwendo wa haraka, kama maelekezo yanavyosema. Mimi nikabaki dirishani nimejaa furaha.

Mama Zuhura, jirani yetu mwenye duka la kanga na vitenge, akamwuliza anakwenda wapi. Swali la kawaida. Kila mtu huulizwa na kila mtu hujibu: sokoni, mashineni, kanisani, kwa fulani. Mama akajibu, "Siendi popote. Natembea tu."

Mwanamke mtu mzima, kanga kichwani, mikono mitupu, mbio mbio, na haendi popote. Mama Zuhura akaelewa alivyoelewa. Akafunga duka, akajitanda na yeye, akamfuata nyuma kimya. Muuza chapati akawaona wawili, akaipua kikaango, akaungana nao. Mpaka wanafika relini walikuwa kundi zima, wanatembea kwa heshima, na mmoja ameshaanza kufuta machozi. Ndipo Mama alipogeuka akawauliza nani amekufa.

"Jirani," Mama Zuhura akasema, "si tunakusubiri wewe utuambie?"

Amerudi amefura. Hatoki tena bila safari, amesema, yeye si kichaa. Nilikwenda kucheka uani ili asinisikie.

Alhamisi, 7 Agosti

Faraji anasema dawa ni zawadi. Nyota. Medali kwenye skrini. Moto unaowaka kadiri mtu anavyotembea bila kuacha siku. Nimechora medali. Nzuri, ya dhahabu, na utepe.

Mama akaikodolea macho. Ya nini? Ya kutembea, Mama. "Kwani nani hatembei?"

Nimeifuta. Halafu nikairudisha, maana watu wa shirika watapenda medali.

Jumatano, 13 Agosti

Hatua za Mama zimepanda!

Siku hizi nashinda kwenye chumba cha rafiki yangu karibu na stendi, kwenye intaneti ya uhakika, na kutoka kule naona hatua zake kwenye skrini yangu. Asubuhi zinapanda. Mchana zinapanda. Leo amenipita mimi na Faraji tukijumlishwa pamoja. Nikimwuliza anakotembea ananijibu, "Huku na huku."

Nimemtumia Faraji picha ya skrini. Nimewatumia na shirika. Medali imewaka dhahabu tupu. Nimejiona fundi kwelikweli. Leo asubuhi nilimwamkia Mama bila kutazama mdomo wake, na nimekumbuka hilo sasa hivi tu ninapoandika.

Jumamosi, 16 Agosti

Umeme ulikatika, nikarudi nyumbani mapema.

Mama amekaa mlangoni pale pale. Ungo mapajani, anapepeta mahindi. Simu ameifunga mkononi kwa kipande cha kanga, juu kidogo ya kiwiko. Ungo unapanda, ungo unashuka, simu inahesabu hatua. Kando yake yamepangwa mahindi ya Mama Zuhura, ya muuza chapati, na mengine ya watu nisiowajua. Mtaa mzima umeleta mahindi yapepetwe.

Hakuona haya hata kidogo. Alinionyesha medali. "Si ulitaka namba? Namba hizo."

Nimempigia kelele. Sijawahi kumpigia Mama kelele maishani mwangu. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, nikimsikia anaendelea na ungo wake, shwaa, shwaa, kama hakuna kilichotokea. Sijui nimwandikie nini Faraji. Sijamwandikia.

Jumanne, 19 Agosti

Kliniki. Presha haijashuka. Imepanda.

Muuguzi aligeukia kwangu, si kwa Mama. Wewe ndiye unayekaa naye? Ndiyo. Akamwuliza Mama kama anatembea. Mama akasema kidude cha mwanangu kinasema natembea sana. Muuguzi akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akasema dozi itaongezwa, lakini vidonge peke yake havitoshi, na mambo haya yakirudi hayapigi hodi. Alisema mbele ya Mama. Mama akawa anatazama dirishani.

Tulipotoka Mama akanishika mkono, jambo ambalo huwa hafanyi. Mkono wake umekuwa mwepesi. Akasema kule mlimani hakuna aliyewahi kumwambia atembee. Nikamjibu kwa ukali kwamba hilo nalijua. Haukuwa ukali, ilikuwa hofu, ila sikujua niseme vipi.

Alhamisi, 21 Agosti

Maneno ya Mama hayajanitoka.

Mlimani alikuwa anatembea kwa nini? Kwetu, juu kule kupita Mwembe, hakuna pa kuweka kigoda kikakaa sawa. Kanisani ni kupanda, kurudi ni kushuka, shambani ni vyote viwili. Lakini hilo si jibu. Hata hapa Same kuna vilima, na hajavigeuzia shingo.

Jibu ni kwamba alikuwa anaitwa. Siku zote kulikuwa na mtu anayemwita. Mgonjwa, arusi, mzazi, mazoezi ya kwaya. Na zaidi ya yote msaragambo. Pembe ikilia juu ya mwamba, kila nyumba inatoa mtu na jembe, watu wanakwenda kuzibua mfereji au kutoa tope ndani ya ndiva, lile bwawa la wazee linalokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani. Asiyeitika anatozwa faini, na aibu yake inazidi faini. Mama hakuwahi kukosa. Alikuwa akisikia pembe anaacha chungu kinachemka, sisi watoto tunabaki kukigombania.

Programu yetu inakumbusha. Hakuna anayependa kukumbushwa. Inatakiwa iite.

Nimempigia Mjomba Elisaria, kaka yake Mama. Yeye ndiye mpiga pembe wa kijiji. Amesema hajaipuliza kwa misimu miwili. Kitongoji cha juu na cha chini wanagombania zamu ya maji, na hakuna anayekubali mwenzake ndiye aite watu. Kesi iko barazani. Kwetu kesi haiishi, inarithiwa. Wao wanajadiliana na ndiva inajaa tope.

Nikamwomba anipulizie pembe airekodi kwenye simu. Akashangaa. "Niipulize ndani ya nyumba?" Ndani ya nyumba, Mjomba, na milango ifungwe. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumapili, 24 Agosti

Sauti ya pembe imefika.

Mama alikuwa anaosha vyombo uani. Nikaifungua bila kumwambia. Alisimama kabla hajajua kwamba amesimama, sahani mkononi, povu linamtiririka mpaka kwenye viwiko. Akageuka kutazama upande wa mlima. Kisha akaona simu.

"Elisaria pumzi zimempungua," akasema, akarudi kwenye vyombo.

Lakini alisimama. Nimeona kwa macho yangu.

Jumatano, 27 Agosti

Faraji alicheka, akabisha, akasema watu wa mjini watadhani simu imeharibika. Halafu akakaa kazini siku mbili akaimaliza. Ndiyo maana navumilia kununiana naye.

Toleo jipya liko hivi: pembe inalia kwa wote kwa pamoja. Ukitoka unabonyeza Nimeitika, na wenzako wanakuona umeitika. Wa kujaribu ni mimi, Faraji, Mama, na kwaya yake ya zamani kule kijijini. Kwaya ni wazo la Mama mwenyewe. Mwalimu Zabroni, mwalimu wa kwaya, amewaandikisha wote wenye simu zinazofaa na anajiona meneja. Jaribio ni Jumamosi asubuhi. Mimi nitakuwa Mwanga nawaonyesha watu wa shirika, wakitaka au wasitake.

Na hili likishindikana sina lingine.

Jumamosi, 30 Agosti

Niko stendi ya Same. Naandika huku nasubiri mtu apokee simu.

Kule Mwanga mambo yalikwenda vizuri. Pembe ililia kwenye simu yangu katikati ya maelezo, watu wakaruka kwenye viti, wakacheka, wakapenda. Majina yakaanza kuwaka. Mimi nimeitika. Faraji ameitika. Mama kimya. Kwaya nzima kimya. Nikampigia Mama. Inaita tu.

Nimepanda basi la kwanza lililosimama. Lembeni, katikati ya njia, imepita sijaiona. Nyumbani mlango umerudishiwa tu. Simu ya Mama iko kitandani. Skrini inasema: Bado hujainuka leo. Maneno hayo niliyachagua mimi.

Hospitali hayupo. Kanisani hayupo. Mama Zuhura amefunga duka, anatafuta upande wa sokoni. Muuza chapati amekwenda relini. Kila nikifumba macho namwona Mama ameanguka mahali, mdomo umekwenda upande, na waliomzunguka hawamjui hata jina. Mimi ndiye niliyemtoa kwao.

Mjomba hapokei simu. Mwalimu Zabroni hapokei. Kijiji kizima hakipokei.

Konda wa magari ya kwenda Mbaga, upande wa kwetu mlimani, ameniambia kuna mama mmoja amepanda asubuhi ana jembe. Jembe? Jembe la Mama linakaa nyuma ya mlango. Sikutazama nyuma ya mlango.

Bodaboda imekubali kupanda mpaka juu. Naenda.

Jumapili, 31 Agosti

Mama ni mzima.

Niko kwetu mlimani, kwenye nyumba ya Mjomba, na tope kwenye nguo yangu limekauka likawa gamba. Nitaandika taratibu. Sina haraka na kitu chochote leo.

Jana asubuhi kwaya ilikuwa kanisani inajiandaa kwa sikukuu ya mavuno. Mwalimu Zabroni alikuwa ameunganisha simu yake na spika za kanisa ili wafuatishe wimbo. Spika zile ziko juu ya paa na zinatazama bondeni. Saa ya jaribio ikafika. Pembe ya Mjomba ikalia humo, na wanasema haikuwa sauti ya simu, ilikuwa Mjomba wa ujana wake, mwamba kwa mwamba mpaka ng'ambo.

Wa juu wakadhani wa chini wameita. Wa chini wakadhani wa juu wameita. Wote walikasirika, na hakuna aliyetaka kesho yake aambiwe barazani kwamba pembe ililia akabaki kitandani. Wakatoka na majembe, nyumba kwa nyumba, na kwaya ikatoka nyuma yao. Simu wakaziacha majumbani, maana nani anaingia na simu kwenye tope?

Na Mama kule Same aliisikia kwenye simu yake. Hakudanganyika, alijua ni kidude changu. Ila alimpigia wifi yake, mke wa Mjomba, wapate kunicheka. Akamkuta anatafuta jembe. Mama akamwuliza, "Kumbe na ninyi mmeisikia?" Basi, yakaishia hapo. Mama akaitupa simu kitandani akachukua jembe nyuma ya mlango. Gari lilimshusha njia panda, na mlima uliobaki akaupanda kwa miguu, polepole, akipumzika kwa kila aliyemsalimia. Kila aliyemwuliza anakwenda wapi alijibiwa.

Mimi nilifika ndivani bado na helmeti kichwani. Watu wamejaa, wa juu na wa chini, tope magotini, kwaya inaimba sauti zote nne. Nilimtafuta kwa macho nikamkosa. Kisha nikamwona. Wanawake walimnyang'anya karai la tope wakampa kazi ya kukusanya majani ukingoni. Amekumbatia mzigo wa majani, jasho linamtoka, mdomo umenyooka. Anacheka.

Akaniona. Akanitazama toka helmeti mpaka viatu.

"Kumbe umekuja. Jembe lako liko wapi?"

Nilikaa chini kwenye tope nikalia kwa sauti mbele ya kijiji kizima, na sikuona haya. Mjomba akawaambia watu waniache, ni joto la Same hilo. Mama akaweka mzigo chini, akaja, akanivua helmeti. Alikuwa ananuka jasho na majani mabichi. Sijawahi kushukuru hivi.

Mtandao ulipopatikana nilimpigia kwanza Mama Zuhura. Akasema alhamdulillahi, kisha akanifokea kwa kumchelewesha kujua. Ana haki yake.

Jumanne, 2 Septemba

Kesi. Bila shaka kesi.

Wazee wa vitongoji vyote viwili wameniita barazani. Mjomba anasema ni mara ya kwanza kwa misimu miwili kuwaona wamekaa upande mmoja, wakinikabili mimi. Shtaka: pembe imelia bila idhini ya wenye ndiva. Wa juu wakasema pembe ya simu si pembe, kwa hiyo hakuna kosa. Wa chini wakauliza kama si pembe, je, tope limetolewa na nini? Mjomba akaulizwa kama pumzi ni zake. Akakubali pumzi, akakana siku. Mwalimu Zabroni akatetea spika. Walijadiliana tangu asubuhi mpaka jua likalala upande wa pili wa mlima, kwa raha zao, na hakuna aliyeonekana kutaka kwenda nyumbani. Niliona programu inafutwa na Mama anarudi kwenye maharage yake.

Uamuzi: pembe ni ya ndiva, itoke kwenye simu. Faini: niwapikie makande wote waliofanya kazi, Jumamosi, kwa mikono yangu. Halafu, kama vile wanaongea jambo dogo, wakapanga siku ya kumalizia ukingo wa ndiva na nani aanze kufungua maji. Hakuna aliyetamka kwamba wamepatana.

Njiani nikamlalamikia Mama. Pembe imeondoka, sasa nitamwita na nini? Alisimama, akashika kiuno, akanishangaa.

"Si uniite tu? Mdomo unao."

Jumamosi, 6 Septemba

Makande yameiva. Ya chini yameungua. Sufuria ni ile ya kanisa ya sikukuu, na mwiko wake unafaa kupigia kasia. Watu wamekula, wamelalamika chumvi haitoshi, wameongezwa, wamelalamika tena. Wa juu wameketi karibu na wa chini kwa sababu kivuli kilikuwa kimoja.

Mama amesema harudi Same. Amesema akiwa ananioshea tope la kwenye kiatu, bila kuinua macho. Nilikuwa na hoja zangu nimezipanga. Hospitali, umbali, mimi. Kisha mke wa Mjomba akamwita kutoka ng'ambo ya mfereji, na Mama akaondoka na kiatu changu mkononi, akapanda kile kilima bila kukitazama.

Nimekubali. Vidonge kila siku, Mjomba shahidi. Presha ipimwe kwenye zahanati ya kijiji, na kliniki ateremke kila akipangiwa. Amesema ndiyo kwa yote, upesi mno. Kesho nashuka peke yangu. Hofu ipo bado, lakini si ile.

Jumatano, 17 Septemba

Nimetoa pembe. Nimetoa medali. Nimetoa hatua.

Faraji akauliza, "Dada, programu ya mazoezi isiyohesabu kitu?" Ndiyo hiyo. Imebaki na kitufe kimoja kikubwa. Unakibonyeza, unamwita mtu wako kwa sauti yako mwenyewe, unamtaja jina, unamwambia aende wapi na akafanye nini. Yeye simu yake inaita kwa sauti yako. Akirudi anakujibu kwa yake. Kengele hakuna. Hakuna anayeambiwa atembee.

Watu wa shirika waliuliza hatua zimekwenda wapi. Nikawasimulia habari ya ungo, mwanzo mpaka mwisho, na mtaa mzima ulioleta mahindi. Mkuu wao alicheka mpaka akavua miwani. Akasema sasa anaelewa kwa nini baba yake mstaafu, ambaye hainuki kwenye kiti, ndiye anaongoza kwa hatua ukoo mzima. Wamekubali tujaribu hivi. Nimetoka pale nimekuwa mwepesi, nikasahau mwavuli.

Jumatano, 15 Oktoba

Mama ameteremka kwa ajili ya kliniki. Mweusi zaidi, amekonda usoni, kanga mpya. Muuguzi yule yule.

Alipima. Akatazama kipimo, akakivua, akakifunga mkono wa pili, akapima tena. Imeshuka. Imeshuka vizuri. Akamwuliza Mama anafanya nini siku hizi. Mama akasema hana nafasi ya kukaa. Mara wifi anamwita mferejini, mara kwaya, mara Zabroni anataka akapitie wagonjwa, watu wamepewa kidude cha kumsumbulia. Alisema kwa kulalamika. Amelishika lalamiko lile kama mtu aliyeshika zawadi.

Muuguzi akaniambia nimefanya vizuri. Nilitaka kumweleza kwamba si mimi, ni spika za kanisa. Nilitoka nje nikashika ukuta nikapumua, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Mchana nilimsindikiza mpaka kwenye gari la Mbaga. Konda alimsalimia kwa jina.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kazi nyingi. Nimekaa tangu asubuhi, mgongo umekuwa ubao. Kikombe cha chai kimeshika vumbi. Upepo umegeuka na una harufu ya mvua ya mbali.

Jioni simu imeita kwa sauti ya Mama. Nyuma yake nasikia kuku na mtu anapasua kuni.

"Elineema. Inuka hapo ulipokaa. Nenda mpaka relini uutazame mlima, uniambie mawingu yameshuka mpaka wapi. Sisi tulioko ndani yake hatuoni."

Nilivaa kandambili. Nikatoka mikono mitupu.

Mama Zuhura alikuwa barazani kwake anakunja vitenge. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama mikono, akaniuliza naenda wapi.

"Nimeitwa."

"Na nani?"

"Na Mama."

Akasema nimsalimie, akaendelea kukunja vitenge vyake. Duka hakulifunga.